Transistori ya orijinali ao ya uongo? Namna tunavyochagua vipande vya ampli hapa Uvira

Majuma haya simu nyingi zinazoingia redioni haziulizi habari ya barabara ya Kamanyola wala bei ya unga wa muhogo. Zinauliza habari ya ampli. Mtu anasema: "Nimenunua transistori mpya kabisa, fundi ameiweka, imelipuka siku ileile. Sasa fundi ndiye mubaya, ao kipande ndicho kibaya?" Mwingine anauliza kwa nini betri ya posti ya jua imeandikwa namba kubwa kuliko zote na haifiki hata saa mbili za usiku.

Mimi si enjinia. Nilimaliza sekondari, nikafanya mafunzo ya uandishi wa habari, na kazi yangu ni kutembea na kinasa sauti. Lakini redio ndogo kama zetu hazina pesa ya kumuita mtaalamu kutoka mbali kila mara mixeri inapokohoa, kwa hiyo kila mmoja wetu ameshika chuma cha kusudiri siku moja. Na kartiye zetu, kuanzia Kalundu, Kimanga, Mulongwe, mpaka Kavimvira, zimejaa vijana ambao furaha yao ni kuunda ampli wenyewe. Sanduku la mbao, transfoma ya ampli iliyokufa, kibao cha saketi kilichochorwa kwa mkono, na jioni muziki unapigwa. Wengine wanacheka kwamba ni mchezo wa watoto. Mimi sicheki, na nitawaambia kwa nini.

Katika kartiye moja, ambayo sitaitaja, kuna kilabu ya wasikilizaji. Zaidi ya nusu ya wanachama wake ni familia zilizohama makwao: wengine walishuka kutoka Milima Mirefu, wengine walitoka uwanda wa Ruzizi, na wamo pia wenyeji wa hapa hapa ambao mafuriko ya mto Mulongwe ya mwezi wa nne 2020 yaliwaacha bila nyumba. Familia moja moja haina posti. Kwa hiyo waliweka posti moja, wakaiunga kwenye ampli ya kuundwa, na bafle mbili zikafungwa juu ya mti wa mwembe ndani ya parseli ya mzee mmoja. Kila familia ilitoa franka 500 kwa juma. Saa ya habari watu wanakaa chini, kina mama wanachambua sombe, na matangazo ya watoto waliopotea na ya watu wanaotafutana yanasikika mpaka avenyu ya pili.

Siku moja radi ilipiga, upande mmoja wa ampli ukanyamaza. Kilabu ikatoa pesa, kijana aliyeiunda akaenda kununua transistori nne: mbili zimeandikwa 2SC5200, mbili 2SA1943, zote na jina la Toshiba. Zilikuwa zinang'aa. Aliziweka vizuri, na kazi yake nimeiona, sudiri yake ni safi. Ampli iliimba siku mbili kwa sauti ya chini. Siku ya tatu wakaongeza sauti ili watu wa nyuma wasikie tangazo. Bafle zikatoa mlio mzito kama wa lori linalopanda mlima, kisha moshi. Transistori zilikufa, na bafle zote mbili zikaungua pamoja nazo.

Kilabu ikakaa kimya majuma mawili. Ndani ya majuma hayo, mahali pa kugawia chakula pakahamishwa. Tangazo hilo nililisoma mimi mwenyewe, mara tatu kwa siku, kwa siku nne. Familia za kilabu zilikwenda mahali pa zamani, na watoto mgongoni, zikakuta uwanja mtupu. Mama mmoja aliponiona alisema bila kukasirika: "Mwanangu, wewe ulisema. Lakini sisi tungesikia na nini?"

Transistori hizo zilinunuliwa dola moja moja.

Sasa tuzipasue. Kijana yule alizishika kwa koleo, akavunja plastiki nyeusi kwa nyundo, polepole. Ndani ya transistori ya sauti kuna kipande cha mraba cha silikoni kilichobandikwa juu ya bamba la shaba. Kipande hicho ndicho kazi yote, plastiki ni koti tu. Umeme unapita humo, joto linatokea humo, na joto linatoka kwa kuenea kwenye shaba halafu kwenye bati la kupozea. Silikoni ikiwa pana, inabeba umeme mwingi na kutoa joto haraka. Katika zile za dola moja tulikuta kipande kidogo, kama milimita 2 kila upande. Baadaye tukapasua moja iliyokufa ndani ya ampli ya okazi ya Ulaya, yenye namba ileile: silikoni yake ilikuwa pana karibu mara mbili kila upande, na bamba la shaba ni nene. Mtengenezaji anasema 2SC5200 inavumilia volti 230, ampea 15 na wati 150. Ile ndogo haikuzaliwa kwa kazi hiyo. Ni transistori ya nguvu ndogo iliyovalishwa koti la mkubwa.

Mtu atauliza: transistori imekufa, sawa, lakini bafle zina kosa gani? Transistori ya nguvu ikichoka, mara nyingi haikati njia ya umeme, inaifungua kabisa. Ampli ile ilikuwa na volti 35 upande wa juu na volti 35 upande wa chini. Transistori ikishikana ndani, volti 35 zote zinakwenda moja kwa moja kwenye bafle, si muziki tena, ni umeme wa moja kwa moja kama wa betri. Volti 35 kwenye bafle ya ohmu 8 ni zaidi ya wati 150 za joto tupu, bila kupumzika. Waya mwembamba wa ndani ya bafle unaungua kabla mtu hajafika kwenye swichi. Ndiyo sababu nasema transistori ya uongo haiuzwi dola moja. Inauzwa dola moja pamoja na bei ya bafle zako.

Vitu hivi vinatoka wapi? Njia ziko nyingi, na moja inajulikana vizuri. Kompyuta, televisheni na ampli zilizotupwa katika nchi tajiri zilipelekwa kwa miaka mingi China, na mji wa Guiyu, jimbo la Guangdong, ulipata sifa mbaya kwa kazi hiyo. Vibao vinapashwa moto, vipande vinang'olewa, vinaoshwa, mgongo unasuguliwa mpaka maandishi ya zamani yaishe, unapakwa rangi nyeusi na kuandikwa namba mpya ya bei kubwa. Njia nyingine ni kiwanda kidogo kununua silikoni ya bei rahisi na kuifunga ndani ya plastiki yenye jina la kiwanda kikubwa. Na tusidhani ni shida ya maskini peke yake. Mwezi wa tano 2012, kamati ya jeshi ya Baraza la Seneti la Marekani, chini ya maseneta Carl Levin na John McCain, ilitoa ripoti kwamba ilikuta kesi kama 1,800 za vipande vilivyoshukiwa kuwa vya uongo katika vifaa vya jeshi lao, jumla ya vipande zaidi ya milioni moja. Ikiwa ndege za vita za Marekani zimeuziwa vipande vya uongo, kijana wa Kimanga asione haya.

Neno dogo pembeni. Kondansateri zile ndogo za tantali zilizo ndani ya simu na kompyuta zinatengenezwa na madini yanayotoka ndani ya coltan, na nchi yetu ni kati ya zile zinazotoa coltan nyingi duniani. Rubaya iko kule Masisi, tunaijua kwa habari za vita. Mawe yanatoka hapa kwa gunia, yanarudi ndani ya vifaa kwa gramu, na mara nyingine takataka ya vifaa hivyo ndiyo inarudi kutuuzia transistori.

Nirudi kwenye soko. Mimi siwaiti wauzaji wezi. Nilikaa mchana mzima kwenye ligablo ya muzee mmoja anayeuza vipande, na niliona namna anavyonunua. Mzigo unafika kutoka Kampala au Dubai, umepita mikono mitano. Vipande viko ndani ya vifuko vidogo, namba zimechanganyika. Nilimuuliza:

"Papa, hizi ni za orijinali?"

"Mwanangu, mimi nasoma namba. Kilicho ndani ya tumbo lake nitakijuaje?"

Alisema kweli. Lakini kuna pia mwingine, kijana, ambaye kabla sijauliza alishaapa kwa jina la mama yake kwamba ni orijinali kutoka Japani. Huyo nilimuaga kwa heshima. Katika biashara hii, muuzaji anayesema "sijui, ila ikikataa uirudishe" ana faida kwako kuliko anayeapa. Muulize swali hilo tu, kama anakubali kurudisha kipande ambacho kipimo kimekikataa. Jibu lake litakuambia mengi kuliko maandishi ya mgongoni.

Hata hivyo maandishi yasomwe. Viwanda vingi huandika tarehe ya kutengenezwa kwa tarakimu nne: mbili za kwanza ni mwaka, mbili za mwisho ni juma. 1423 ni juma la 23 la mwaka 2014. Ukiona 1467, mwaka gani una majuma 67? Tazama pia kama jina linakubaliana na tarehe. Motorola ilitenga kitengo chake cha vipande mwaka 1999, kikawa kampuni inayoitwa ON Semiconductor. Basi transistori ya chuma yenye ile M ya Motorola na tarehe ya mwaka 2015 imejishitaki yenyewe. Vilevile uogope kipande ambacho kiwanda kiliacha kukitengeneza zamani na hapa kinauzwa kwa mafungu, kipya, kwa bei ya karanga. 2SK170 ya Toshiba ni mfano, ile transistori ndogo ambayo watu wanaipenda kwa mikrofoni kwa sababu haina kelele. Toshiba hawaitengenezi tena. Anayeiuza gunia zima anaitoa wapi?

Halafu mgongo wenyewe. Plastiki ya kiwandani ina kishimo kidogo cha mviringo au alama ya mguu wa kwanza, na sehemu ya chini yake ni safi. Kipande kilichosuguliwa kina mikwaruzo yote ya upande mmoja, au kishimo kimejaa rangi nusu. Chovya pamba kwenye asetoni, ile ya kina dada ya kutoa rangi ya kucha, usugue mgongo. Rangi nyeusi ikibaki kwenye pamba na chini yake ikatokea namba nyingine, mazungumzo yamekwisha. Kama pamba inabaki nyeupe usishangilie bado, maana siku hizi maandishi mengi huchomwa kwa leza, na yule aliyefunga silikoni ndogo ndani ya plastiki mpya hakuwa na sababu ya kusugua kitu. Miguu pia inasema: mguu mpya ni mnyoofu na rangi yake ni moja, mguu wa zamani una sudiri ya pili na umekunjwa ukanyooshwa.

Macho yanakufikisha hapo, kuanzia hapo ni kupima. Kama kilabu yenu ina pesa ya kitu kimoja tu, nunueni kile kipimo kidogo cha vipande chenye kioo na soketi ya miguu mitatu. Kinajua kama kipande ni transistori, ni ya aina gani, na kinasoma kondansateri. Hakitakuambia kama transistori inavumilia ampea 15, kwa sababu chenyewe kinapitisha umeme mdogo sana. Wengi hupotea hapo: kipimo kimesema NPN nzima, basi wanafunga. Hata ile ya uongo ni NPN nzima.

Kwa nguvu, mafundi wa hapa wana kipimo chao, nami nakipenda kwa sababu vifaa vyake viko kwa kila fundi wa magari. Chukua 2N3055, ile ya chuma yenye umbo la yai, ambayo iko duniani tangu miaka ya 1960 na bado inaiimbia nusu ya Uvira. Ifunge kwenye bati zuri la kupozea. Betri ya volti 12, upande wa chanya uende kwenye taa ya mbele ya gari ya wati 55, kutoka taa uende kwenye mwili wa transistori, ambao ndio kolekta. Emita iende kwenye upande hasi wa betri. Kisha rezistansi ya ohmu 27, ya wati 10, itoke kwenye chanya iende kwenye besi. Taa itawaka, na umeme unaopita unazidi ampea 4. Weka multimetri kati ya mwili na emita. Mtengenezaji anaahidi kwamba kwa ampea 4 volti zinazobaki hapo hazizidi 1.1. Ukiona volti moja au chini, na bati linapata joto taratibu, una kitu. Ukiona volti mbili, tatu, taa ni ya manjano na transistori inachoma kidole ndani ya sekunde chache, zima, urudishe dukani. Linganisha kila mara na moja ambayo mnaijua, iliyotoka kwenye chombo cha zamani. Kilabu moja wanayo yao, wameifunga uzi mwekundu, hairuhusiwi kuuzwa wala kuazimwa.

Ukinunua kumi, pasua moja. Najua inauma kuvunja kitu cha pesa, lakini afadhali moja ife juu ya meza kuliko kumi ndani ya ampli. Ile ya chuma inafunguliwa kwa msumeno wa chuma, ukizunguka kofia. Ila sikilizeni sana hapa, hasa vijana mnaosaidia kwenye redio: transistori za emeteri, zile bapa zenye kauri nyeupe katikati, msizipasue, msizisugue, msizipige nyundo. Baadhi yake zina kauri ya beriliamu, na vumbi lake likiingia kwenye mapafu ni ugonjwa usio na dawa ya kuuondoa. Ikifa, ifungeni ndani ya kifuko nzima kama ilivyo.

Habari ya IC itakuwa fupi. TDA2030A ina miguu mitano na inavumilia volti 22 kila upande. Ndugu yake TDA2030, bila A, mwisho wake ni volti 18. Kuongeza herufi A kwa rangi ni kazi ya dakika. Kwa hiyo ukinunua ya sokoni, ipe volti 15 kila upande na uishi nayo kwa amani, usiifikishe 20 kwa sababu karatasi imesema. TDA7294 na LM3886 ni nzuri, lakini ndizo zinazoigwa sana, na za orijinali haziuzwi kwa bei ya soda.

Kondansateri kubwa zinanikasirisha kuliko vyote, maana udanganyifu wake ni wa wazi. Umeandikiwa mikrofaradi 10,000 volti 63, mkebe mkubwa kama wa maziwa. Ukiukata unakuta ndani kuna kondansateri ndogo ya kawaida, miguu yake imeungwa kwa waya, na nafasi iliyobaki ni hewa. Mkebe mkubwa mwepesi ni mkebe wa kutilia shaka. Pima kwa kile kipimo kidogo: ya orijinali ya 10,000 mara nyingi inaruhusiwa kupungua mpaka 8,000, basi ikisoma 2,200 usitafute maelezo. Volti ndizo hatari zaidi, kwa sababu kipimo hakizisomi. Kondansateri ya volti 35 iliyoandikwa 63 inavimba kichwa, halafu inapasuka usoni pa mtu. Kila ukiwasha kwa mara ya kwanza, geuza uso.

Waya wa bafle: kwangua kwa wembe. Ukiwa mwekundu mpaka ndani ni shaba. Ukiwa mweupe ndani ni alminiamu iliyopakwa shaba. Si lazima uutupe, kwa mita chache unafaa, lakini usilipe bei ya shaba, na usishangae sudiri ikikataa kushika. Transfoma zilizozungushiwa waya wa alminiamu ni shida kubwa zaidi, zinapata joto haraka na ziko nyepesi kwa ukubwa wake. Mizani ya muuza samaki inatosha kulinganisha mbili.

Sasa betri, maana hapa ndipo familia zilizohama zinapoteza pesa nyingi kuliko hata wapenzi wa ampli. Posti nyingi za jua na taa zinatumia betri ya litiamu inayoitwa 18650, kadogo kama kidole gumba. Sokoni utaona imeandikwa 9800 mAh, na hata zaidi. Betri nzuri za ukubwa huo zinazouzwa kwa kawaida na viwanda vinavyojulikana ziko kama 2500 mpaka 3500. Anayeandika 9800 hajakosea hesabu. Betri nzima ina uzito wa gramu 45 hivi. Nyingine za uongo zimefunguliwa zikakutwa na kabetri kadogo ndani na unga au mchanga wa kujazia. Kwa hiyo kati ya betri mbili, ile iliyoandikwa 2600 mara nyingi ni bora kuliko iliyoandikwa 9800, na mara nyingi ni rahisi zaidi. Na betri ya litiamu iliyovimba, iliyotoboka au inayopata joto ikiwa imelala, isichajiwe ndani ya hema wala ndani ya nyumba ya maboya watoto wakiwa wamelala. Itoeni nje, mbali na majani makavu.

Mtu atasema: kama soko ni hivi, tununue wapi? Njia ya kwanza, na ndiyo ninayoipenda, ni okazi isiyojificha. Ampli na televisheni za zamani zilizokufa, zile nzito za Japani na Ulaya, zina ndani yake transistori, bati za kupozea na transfoma ambazo hakuna mtu aliyekuwa na sababu ya kuziiga wakati zinafungwa kiwandani. Mafundi wa kando ya soko wanaziuza kwa kilo. Ng'oa kwa chuma chenye joto la kutosha, pima, andika. Kondansateri za zamani peke yake usizichukue, maana zinakauka.

Njia ya pili ni kuagiza kwa wauzaji wanaonunua moja kwa moja kiwandani, kama Mouser, Digi-Key, Farnell au RS. Huko transistori moja itakugharimu dola kadhaa, na usafiri unazidi bei ya kitu chenyewe. Mtu mmoja hawezi. Lakini vilabu vitano vikikusanya oda moja, na kuna ndugu Bujumbura, Kigali au Ubelgiji wa kupokea bahasha, gharama ya njia inagawanyika. Transistori ishirini zinaingia ndani ya bahasha ya barua. Ukiagiza, kumbuka Toshiba walileta baadaye TTC5200 na TTA1943, zinashika nafasi ya zile za zamani.

Na hata kipande kikiwa cha orijinali, usiwashe ampli mpya moja kwa moja kwenye umeme. Tia taa ya zamani ya uzi, ya wati 60 au 100, katikati ya njia ya umeme wa volti 220, mfululizo. Taa za LED hazifai kwa kazi hii. Taa ikimulika kidogo halafu ikafifia, ampli iko salama kuanza. Ikibaki inawaka sana, kuna mahali umeme umeshikana, na taa ndiyo imekuokolea transistori zako. Kwanza fanya hivyo bila bafle, upime volti kwenye tundu la bafle: ziwe karibu sifuri. Ukiwa na dola chache zaidi, weka kibao cha kulinda bafle, kile chenye rilei, kinachokata njia kikisikia umeme wa moja kwa moja. Kile ndicho kingeokoa bafle za mwembe.

Kilabu ile sasa ina ampli ndogo zaidi, yenye transistori mbili za chuma zilizong'olewa kwenye ampli ya kanisa iliyokufa, na bafle moja. Sauti haifiki avenyu ya pili, inafika ukuta wa shule. Pesa ya bafle ya pili bado inachangwa.

Vilabu vinavyotaka kuingia kwenye oda ya pamoja walete orodha yao kwa mlango wa redio kabla ya mwisho wa mwezi, siku ya posho asubuhi. Andikeni namba kamili ya kipande, idadi, na volti za transfoma yenu. Na mkiwa na vipande mnavyotilia shaka, vileteni ndani ya kifuko na jina la kilabu juu yake; kipimo, betri na taa ya gari vitakuwa mezani, kila mtu apime chake mbele ya wengine.